Usiguse Ukuta, Mama

Waliotunga methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta walisahau kutuambia ufa wenyewe unazibwa na nini. Mwaka ule nilisomewa methali hiyo na kila mwenye mdomo. Alinisomea mwalimu mkuu wangu, akanisomea muuza misumari, akanisomea na jirani yangu wa hapa Masuguru aliyekuja kuazima pasi, akasimama mlangoni na pasi mkononi akautazama ukuta na kutikisa kichwa. Wote niliwajibu kwa adabu kwamba nimeziba. Nimeziba mara mbili. Kila nikiziba, unafunguka.

Ufa ulikuwa kwenye chumba nilichomwandalia mama yangu. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda mshazari hadi chini ya dari, na mahali pengine ulikuwa na upana wa kuingia kidole gumba. Nyumba niliijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, kidogo kidogo, na ule ufa nilikuwa nimeuficha miaka mingi nyuma ya kabati. Lakini mwezi wa sita mama alianguka jikoni kwake Kang'ata, kule Handeni, akaumia nyonga. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka mama mmoja wa Kimasai, anayetupitishia maziwa, aliposhangaa mbona mbuzi wanalia bandani na jua limeshapanda. Ndiye aliyemkuta. Baada ya hapo sikuwa tayari kusikia habari ya mama kuishi peke yake. Nilimwambia anakuja kwangu, akapone na akae moja kwa moja.

Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nitakuja kwako nipatazame."

Neno hilo, kwako, ndilo alilokuja nalo Korogwe. Kwetu palikuwa Kang'ata, hata mimi aliponitajia. Hapa palikuwa kwako. Kwako kuna maji ya bomba. Kwako kuna joto. Kwako majirani hawasalimii mpaka wasalimiwe. Nilikuwa nikilisikia kila siku na kila siku linanichoma, maana nilijua mtu anayesema kwako bado hajafika.

Basi nilitaka chumba kiwe kizuri. Nilisogeza kabati, nikamwita fundi rangi mmoja anayeshinda karibu na stendi na ndoo yake ya brashi. Alikitazama chumba kwa muda wa kumeza mate.

"Ticha, hapa hamna noma," alisema. "Ni kuskimu tu, inakuwa fresh."

Akakoroga ule unga mweupe wa kuskimu, akaupaka juu ya ufa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, akapiga msasa, akapiga rangi ya maziwa. Jioni chumba kilikuwa kinang'aa. Nilisimama katikati nikajisifu. Mama alipofika alikaa kitandani, akazungusha macho, akasema, "Kwako pazuri." Halafu akalisukuma furushi lake chini ya kitanda bila kulifungua. Nguo za kuvaa alizitoa kwenye begi nililompelekea, lakini furushi, kanga mbili zilizofungwa fundo juu, lilibaki vilevile. Nikajua anachosubiri ni sababu ya kuondoka.

Sababu ilichukua siku kumi na moja. Asubuhi moja nilimpelekea chai nikamkuta ameinua uso.

"Mwanangu, ukuta wako unacheka."

Nilitazama. Rangi ya maziwa ilikuwa imepasuka kuanzia dirishani mpaka juu, mstari uleule, na vipande vya unga mweupe vilikuwa vimedondokea kwenye mto wake. Ukuta ulikuwa unacheka kama kiatu kilichoachia soli, na aliyekuwa anachekwa ni mimi.

Fundi rangi alirudi. Safari hii hakusema hamna noma, alisema nyumba inapumua. Nikamuuliza nyumba za wenzangu zinapumulia wapi. Akacheka, akabandika utepe mwembamba juu ya ufa, akaskimu tena, akapiga rangi tena. Ilikuwa mwezi wa nane, jua linapasua hata nyayo za watu, na ukuta ule haukumaliza wiki mbili. Utepe ulining'inia kama bandeji iliyomchoka mgonjwa. Mama akaanza kupangusa shuka kila asubuhi, polepole, huku akihakikisha ninamwona.

"Vumbi hili litanitoa kikohozi," alisema. "Mimi nitarudi kwetu, nikalale kwenye nyumba inayonijua."

Nikamsihi anipe muda, nimepata habari ya mwashi mmoja mtu mzima, Msambaa wa Mashewa, anayesifiwa kwa kuta. Huyo mwashi alikuwa na kazi nyingine na angekuja Jumamosi. Mama akasema sawa, mpaka Jumamosi. Ilikuwa Jumatatu.

Niseme sasa jambo ambalo wakati ule sikuliona. Tangu mama afike nilikuwa nimempiga marufuku kugusa karibu kila kitu. Usishike ufagio, mama, nyonga hiyo. Usiguse jiko la gesi, hulijui. Usibebe ndoo. Usifue, nitafua nikirudi. Nilikuwa nikiondoka kwenda shuleni nimemkalisha kibarazani kwenye kiti cha plastiki na chupa ya chai pembeni, na nikirudi saa tisa namkuta palepale, chai imebaki nusu. Nilijiona binti mwema sana. Kila nilipofumba macho nilimwona amelala kwenye sakafu ya jikoni Kang'ata, mbuzi wanalia, na nikifumbua nasema tena, usiguse.

Alhamisi ya wiki ile nilirudi nikakuta kiti cha kibarazani kitupu.

Nilimkuta chumbani. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, yeye na nyonga yake, mkono mmoja umeshika chuma cha dirisha na mwingine umezama kwenye tope mpaka kiwiko. Nyuma ya choo changu kuna kichuguu nilichokuwa nimekisahau. Mama hakukisahau. Alikuwa amekichimba kwa mwiko wangu wa kusongea ugali, akachanganya udongo na majivu, na kwa harufu iliyokuwamo chumbani nilijua jirani anayefuga ng'ombe alikuwa amechangia. Ufa wote ulikuwa umejazwa. Kutoka hapo alikuwa ameendelea, kwa sababu mkono ukishaanza kukandika hausimami, na theluthi ya ukuta wangu wa rangi ya maziwa ilikuwa kahawia.

Kwa watu wa kwetu kukandika nyumba ni kazi ya mwanamke. Kila kiangazi, kabla wageni hawajaanza kuja, mama alikuwa akisiriba nyumba yetu ya fito ndani na nje, na mwanamke ambaye ukuta wake una ufa alikuwa akisemwa kisimani. Nilijua yote hayo. Hayakunisaidia. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kumpigia hata mwanafunzi.

"Mama! Shuka! Ukianguka tena nani atakubeba? Huu ni ukuta wa saruji, si wa udongo! Huku si Kang'ata! Nimekwambia mara ngapi usiguse?"

Alishuka, kigoda kikiyumba, akaukataa mkono wangu. Alikwenda bombani akanawa hadi mabegani. Aliporudi alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kama angenijibu.

"Nyumba usiyoruhusiwa kuigusa si yako," alisema. "Umenikalisha kwenye kiti kama mgeni, na mgeni ana siku zake. Jumamosi nitapanda gari la Handeni."

Nilikasirika zaidi. Niliona hana shukrani. Niliukwangua ule udongo ukutani kwa kijiko mpaka nikachoka, na ulipotoka ulitoka na rangi, ukaacha doa lenye umbo la ramani ya nchi isiyojulikana. Ndani ya ufa sikuuweza. Alikuwa ameusukumia ndani kabisa.

Jumamosi saa mbili asubuhi mama alikuwa kibarazani, amevaa, amejitanda, furushi mapajani. Nilikuwa jikoni nikigonga masufuria bila sababu. Hapo ndipo mwashi wa Mashewa alipoingia uani na mfuko wake wa vifaa.

"Onga makeo, bibi. Shikamoo," alimsalimia mama.

Mama alimjibu marahaba na kuongeza maneno ya Kizigua yaliyomfanya mzee yule acheke mpaka akashika nguzo. Wasambaa ni watani wetu sisi Wazigua. Hilo nililijua, ila sikuwa nimelipigia hesabu. Mtani akikutania hukasiriki, ukikasirika umejiaibisha, nami asubuhi ile nilikuwa na hasira za kutosha kijiji.

Alipoingia chumbani alisimama mbele ya lile doa, akavua kofia.

"Mwalimu," aliniita, "hapa amelala ng'ombe?"

"Ni mama," nilisema.

"Ahaa. Nikasema mimi. Mzigua mpe nyumba ya bati na saruji, atakuonyesha alikotoka."

Mama alikuwa ametufuata, furushi kwapani, mkono mwingine ukutani. "Na Msambaa akiona udongo wenye rutuba," alisema, "anatafuta pa kupanda mgomba. Usije ukaniotesha ndizi chumbani."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilisimama hapo na meno yangu nimeyafunga. Mwashi akachukua tindo, akachokoa udongo uliokuwa ndani ya ufa, akausugua kwa vidole, akaunusa. Kisha akaacha kucheka.

"Bibi, uliulowesha ukuta kwanza?"

"Sasa nitakandika ukuta mkavu? Nina wazimu?"

"Na ukasukuma kwa kidole gumba."

"Kwa kidole gumba."

Alinigeukia. "Mkono ni mzuri, udongo ndio haufai. Aliyepaka rangi hakufanya hata moja kati ya haya. Huyo alifunika kidonda kibichi. Ila nyote mmekosea, hata wewe bibi. Hamkuufungua."

Nilimuuliza maana yake nini, maana kama kuna kitu ukuta ule ulichokijua bila kufundishwa ni kufunguka. Aliegemeza tindo kwenye ufa, akapiga nyundo.

Sijui kama umewahi kumtazama mtu akiubomoa ukuta wako akisema anautengeneza. Lipu ilidondoka mapande mapande. Ufa wa kidole ukawa wa kiganja, wa kiganja ukawa wa kuweka kichwa cha mtoto, na ndani yake tofali zikaonekana na mstari mweusi uliopita katikati ya saruji ya zamani. Vumbi lilijaa chumba chote. Nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Nilitamani kulia, na nafikiri nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Mwashi alikuwa akieleza huku anapiga. Udongo wa huku kwetu chini ni mweusi, alisema, kiangazi unasinyaa, mvua ikija unavimba, na nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka. Tena maji ya bafuni kwangu yalikuwa yakimwagika palepale kwenye msingi, chini ya dirisha lile, jambo ambalo nilipaswa kuliona. Angeyachimbia mfereji yaende mbali. Lipu yote isiyoshika lazima itoke, halafu ndipo tuzibe. Akaanza kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ko, ko, ko, akitafuta mahali palipo patupu.

"Hapo umeruka," alisema mama.

Mwashi akageuka. Mama alikuwa ameketi kitandani, furushi pembeni.

"Hapo kwenye kichwa cha kitanda. Gonga tena. Hapo panalia kama mtungi wenye ufa."

Mwashi akagonga. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Mama akainuka, akakongoja mpaka ukutani, akakunja kidole akagonga kwa kifundo huku ameinamisha sikio, vilevile kama nilivyokuwa nikimwona utotoni akichagua mtungi mnadani. Ko, ko, akasogea, ko, ko, halafu akasimama. "Hapa." Mwashi akaweka tindo, akapiga mara moja, na kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikaachia na kuanguka sakafuni. Kingeweza kumwangukia usingizini.

Mwashi alikisogeza kando kwa mguu, safari hii bila utani. Saa tano ikapita, na gari la Handeni la asubuhi likawa limeondoka.

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Nasema walifanya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwashi alipangusa vumbi kwa brashi, akalowesha ukuta, mama akasema haitoshi, akalowesha tena. Akapigilia waya wa kuku juu ya tundu lote, misumari huku na huku, ili pande mbili za ukuta zishikane mikono. Akaanza kusukuma saruji na mchanga ndani kwa mwiko wake. Kilichomshinda ni kile kipembe cha kona ya dirisha, nyuma ya chuma, ambako mwiko haukuingia na vidole vyake vilikuwa vinene mno.

"Sogea," mama alimwambia.

Nilikuwa mlangoni. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Usi. Mwashi alinitazama, si kwa ukali, alinitazama tu kama mtu anayesubiri kuona mwenzake atakanyaga wapi. Nikafunga mdomo. Nilileta kigoda, nikakishika kwa mikono miwili, na mama akakaa juu yake badala ya kusimama, maana kwa kukaa alifika sawasawa. Mwashi akamfunga mfuko wa plastiki mkononi ili saruji isimchubue.

Alijaza kipembe chote kwa kidole gumba. Halafu akataka kitambaa cha kulainishia. Nikasema nitaleta taulo kuukuu.

"Taulo lina manyoya," alisema. "Nipe furushi langu."

Nilimpa. Alilifungua fundo kwa meno kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na saruji. Ndani hamkuwa na kitu cha ajabu: sahani ya bati, wembe, sindano mbili zilizochomekwa kwenye gunzi la mahindi, kikopo cha dawa ya mgongo, na chini kabisa kitambaa cha kanga kilichofifia, kigumu kama karatasi, chenye rangi ya kuta za nyumba yetu. Alikilowesha, akakikamua, akalainisha kona yangu ya saruji nacho, akirudi nyuma na mbele, kichwa amekilaza upande.

Kabla ya kuondoka mwashi alimkabidhi kazi. Ukuta umwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, usikauke haraka, la sivyo utapasuka tena. "Sitaki mwalimu aguse," alisema. "Mwalimu ana haraka. Kazi hii nakupa wewe bibi, ingawa ni Mzigua." Na mama, ambaye alikuwa aende zake siku hiyohiyo, akahesabu siku saba kwenye vidole na kusema haya. Kila asubuhi nilimsikia na kopo lake, anarushia maji, anazungumza na ukuta. Kitambaa chake kilianikwa kwenye kamba yangu ya nguo, katikati ya sketi zangu za shule.

Mwashi alirudi mara mbili baadaye, kuskimu na kupiga rangi. Mama alichagua rangi. Alichagua kahawia ya udongo, ambayo sikuitaka kabisa, na ikabidi ninyamaze. Mahali alipojaza yeye hapakunyooka. Jua la asubuhi likiingia dirishani unaona mifereji minne ya vidole chini ya rangi. Nilimwomba mwashi aisawazishe, akajifanya hasikii.

Alinionya pia kwamba ufa utarudi. "Utarudi mwembamba," alisema. "Mkubwa hautarudi." Nilimwambia nimeishiwa na subira kwa ufa wa aina yoyote, akaniambia basi nihame duniani.

Siku saba zilikwisha, mama hakuondoka. Vuli ikaja ikapita. Hatukuwahi kuzungumza habari ya gari la Handeni. Alikuwa akishika ufagio nami nauma ulimi, anawasha jiko la gesi nami naenda kusimama uani mpaka nisikie harufu ya kitunguu. Si kweli kwamba nimebadilika. Bado roho hunidunda kila kigoda kinapolia sakafuni.

Mwezi wa pili, jua likiwa kali, nilirudi kutoka shuleni na madaftari ya kusahihisha nikamsikia anazungumza kwa simu na mdogo wake aliyeko Kang'ata. Anapiga kelele kwenye simu kama wote wa umri wake, kwa hiyo sikuhitaji kusikiliza.

"Nyie mmepata mvua huko?" alikuwa anauliza. "Huku kwetu hakuna hata tone. Ukuta wetu umeanza kucheka tena. Eeh. Usijali, nimeshauziba."

Nilisimama kibarazani na madaftari yangu. Nilisubiri ajirekebishe. Hakujirekebisha, aliendelea na habari za mbuzi.

Nikaingia chumbani kutazama. Ufa ulikuwa umerudi kweli, mwembamba kama uzi, kutoka kona ya dirisha hadi nusu ya ukuta, na wote ulikuwa umejazwa kwa uangalifu kitu cheupe, kinang'aa juu ya ile rangi ya kahawia kama mstari wa chaki. Nilikaribia nikanusa. Kilikuwa na harufu ya mnanaa. Nilikwenda bafuni nikakuta dawa yangu ya meno imekamuliwa mpaka mwisho na kukunjwa vizuri, imerudishwa mahali pake.

Nilichukua mtandio nikaenda dukani kununua nyingine, nikanunua mbili.